Mirathi ya Mwislamu Uganda: hesabu ni nyepesi, ugumu uko kabla yake

Mjane wa mtu aliyeacha watoto ana thumuni, yaani moja ya nane. Kama marehemu hakuacha mtoto, ana robo. Mama ana sudusi (moja ya sita) au thuluthi, mume ana robo au nusu, binti wa pekee ana nusu, na watoto wa kiume wakichanganyika na wa kike, fungu la mwanamume mmoja ni sawa na la wanawake wawili. Aya tatu za Sura An-Nisaa, ya 11, ya 12 na ya 176, zimebeba sehemu kubwa ya elimu hiyo, na mwanafunzi mwepesi wa madrasa huikariri kabla hajabaleghe. Kwa hiyo siafiki inaposemwa kwamba Waislamu wa Uganda hugombania urithi kwa kutojua mafungu. Sheikh anayeyajua hakosekani mtaani. Kinachokosekana ni mambo matatu yanayotangulia hesabu: mali ya marehemu ni ipi hasa, nani ana haki ya kuishika kabla haijagawiwa, na ni karatasi gani itakayoufanya mgawo wa sheikh utambulike ofisi ya ardhi.

Tuanze na anayeishika, maana hapo ndipo nyumba nyingi huvunjika.

Buganda na Busoga, ukoo ukifanya olumbe, sherehe ya kumaliza msiba, humsimika omusika, mrithi wa kimila, akavishwa kitambaa cha gome la mti na kukabidhiwa mkuki. Familia za Kiislamu zimeweka duwa mahali pa mengi ya mila hizo, lakini omusika amebaki, hata pale ambapo jina lake halitajwi waziwazi. Kijana akishasimikwa, majirani humwona ndiye mwenye mji, naye baada ya muda huanza kuamini hivyo. Sheria ya nchi humpa mrithi wa kimila asilimia 1 ya mali ya mtu aliyekufa bila wasia. Sharia haimpi chochote kwa sababu ya kusimikwa. Atapata fungu lake kama mtoto wa marehemu na basi.

Msimamizi wa mirathi ni mtu mwingine. Huyu huteuliwa na mahakama, au hutajwa na marehemu katika wasia kisha mahakama ikamthibitisha. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa na kutoa hesabu. Mali si yake, ni amana mikononi mwake. Halafu kuna warithi wenyewe, wenye mali. Mtu mmoja anaweza kuwa yote matatu, omusika, msimamizi na mrithi, na kwa kuwa mara nyingi huwa hivyo kwa mtoto wa kwanza wa kiume, ukoo hauoni mpaka uko wapi.

Kabla mahakama haijampa mtu barua za usimamizi, hakuna mwenye ruhusa ya kuuza shamba la marehemu, kukusanya kodi za vyumba vyake au kugawa ng'ombe wake. Sheria ya Uganda huita hilo kuingilia mali ya marehemu, na ni kosa la jinai. Kumzika na kuilinda mali isiharibike kunaruhusiwa. Na mjane au binti anayeona shamba linauzwa halazimiki kungoja barua hizo ndipo aende mahakamani: katika shauri la miaka ya 1990, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mnufaika wa mirathi anaweza kushtaki kuilinda haki yake hata kama yeye si msimamizi. Ningependa jambo hili litajwe kwenye hotuba za Ijumaa, kwa sababu wajane wengi huambiwa na mashemeji, "Wewe huna barua, nyamaza."

Mali ya marehemu ni ipi

Mzee akifa, kila kilichokuwa uani kwake huhesabiwa chake. Ng'ombe wa mke aliyemnunua kwa faida ya duka lake, pikipiki ya boda ambayo mtoto analipia mkopo, fedha za chama zilizowekwa kwenye simu ya mzee kwa sababu yeye ndiye mweka hazina, vyote huingia kwenye orodha moja. Katika Sharia mke ana mali yake, na kifo cha mume hakiigeuzi kuwa mirathi. Kama mume na mke walijenga kwa fedha za wote wawili, sehemu ya mke hutolewa kwanza, ndipo thumuni yake ihesabiwe katika kilichobaki. Hatua hii ikirukwa, mjane hurithi kipande cha mali ambayo sehemu yake ilikuwa yake tangu mwanzo.

Ardhi ina ugumu wake. Katiba ya 1995 inatambua aina nne za umiliki: wa kimila, mailo (miliki ya kudumu yenye hati, hasa Buganda), umiliki huru na wa kukodi. Arua na Yumbe sehemu kubwa ya ardhi ni ya kimila, na shamba alilolima marehemu linaweza kuwa la ukoo mzima, yeye akiwa na haki ya kulitumia tu. Huko Bombo au Mukono marehemu anaweza kuwa alikaa kwenye kibanja, juu ya mailo ya mtu mwingine. Kibanja hurithiwa, sheria ya ardhi ya 1998 inasema hivyo, lakini kinachorithiwa ni haki ya mkaaji. Udongo una mwenyewe, na warithi wanapaswa kujitambulisha kwake na kuendelea kulipa busulu, kodi ya mwaka ya mwenye mailo. Nimesikia mashekhe wakigawa kibanja kwa mafungu safi kabisa ya faraidhi, mgawo wa Kiislamu, bila mwenye mailo kuambiwa neno.

Na kuna kiwanja cha msikiti au madrasa ambacho mzee alikitoa kwa mdomo, hati ikabaki na jina lake. Akifa, wajukuu wanaiona hati, wanaona jina la babu, wanadai. Alichokitoa wakfu kilitoka mikononi mwake siku ile, lakini ofisi ya ardhi haikuwepo alipotamka. Anayetaka wakfu wake uheshimiwe auandikishe akiwa hai, kwa jina la taasisi au wadhamini.

Baada ya kujua kilicho chake, madeni. Gharama za maziko hutangulia, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ndicho mirathi. Deni linalosahaulika kuliko yote ni mahari iliyoahirishwa. Mume aliahidi ng'ombe watano au kiasi fulani cha fedha, akalipa nusu, akafa. Nusu iliyobaki ni deni kama deni la SACCO, na mjane hulipwa kabla ya mgawo, juu ya fungu lake. Sijui kwa nini wazee wanaojua kabisa hesabu ya mahari siku ya posa huisahau siku ya mirathi. Pengine najua.

Mgawo mmoja, mizani mbili

Tumchukue mzee wa kufikirika wa Yumbe. Ameacha wake wawili, mama yake mzazi, watoto watatu wa kiume na wawili wa kike. Tuiweke nyumba ya kuishi kando kwanza. Mali nyingine ina thamani ya shilingi milioni 110. Maziko yamekula milioni 2, SACCO inadai milioni 7, mahari ya mke mdogo iliyobaki ni milioni 5. Zinabaki milioni 96, na hakuacha wasia.

Kwa faraidhi, wake wanagawana thumuni moja, milioni 12, yaani milioni 6 kila mmoja. Mama ana sudusi, milioni 16. Zinabaki milioni 68 kwa watoto, kila wa kiume milioni 17 na kila wa kike milioni 8.5.

Kwa sheria ya mirathi ya nchi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, wajane wana asilimia 20, watoto 75, ndugu waliomtegemea marehemu 4 na mrithi wa kimila 1. Kila mjane angepata milioni 9.6. Kila mtoto, wa kiume kwa wa kike, milioni 14.4. Mama, ikiwa alimtegemea marehemu na hakuna tegemezi mwingine, angepata milioni 3.84. Omusika angekuwa na shilingi 960,000.

Zitazame tarakimu hizo bila ushabiki. Wajane na mabinti wanapata zaidi kwa sheria ya nchi. Watoto wa kiume wanapungukiwa. Lakini anayepoteza kuliko wote ni mama mzee, anayeshuka kutoka milioni 16 hadi chini ya 4. Ukimsikia mtu anasema sheria ya serikali humlinda mwanamke na Sharia humwonea, au kinyume chake, muulize ni mwanamke yupi. Kwa upande wa kaka, fungu lake maradufu linakuja na mzigo: matunzo ya mke na watoto wake, na ya mama na dada wasio na wa kuwatunza. Kaka anayesoma aya ya 11 hadi kwenye "mara mbili" kisha akafunga msahafu, huyo si Sharia inayomwongoza.

Sasa nyumba. Sheria ya nchi huitoa nyumba kuu ya makazi kwenye asilimia zile na kuwapa mjane na watoto haki ya kuendelea kukaa, na kuwafukuza ni kosa. Katika fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu, nyumba ni mali kama mali nyingine, kila mrithi ana sehemu ndani yake. Hakuna haja ya kugombana hapo. Wajane wanaweza kuchukua mafungu yao ndani ya nyumba badala ya shambani, au warithi wengine wakaacha haki yao isimame mpaka watoto wakue. Mafakihi hawakuwahi kusema lazima nyumba iuzwe wiki ya arubaini.

Mahakama ya kadhi ambayo Katiba iliitaja

Kwa nini basi kuna mizani mbili? Sheria ya mirathi ya Uganda ililetwa na wakoloni mwaka 1906, ikiwa na harufu ya Uingereza tupu. Amri ya 1972, wakati wa Idi Amin, iliingiza mrithi wa kimila na asilimia: wajane 15, tegemezi 9, watoto 75, omusika 1. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu kadhaa, pamoja na kile cha mgawo, kwa kuwa viliwabagua wanawake: hicho cha mgawo kilimzungumzia marehemu mwanamume tu, kana kwamba wanawake hawafi na mali. Marekebisho ya 2022 ndiyo yaliyoziba pengo hilo. Asilimia hizo hazina mlango wa kuwatoa Waislamu.

Katiba ya 1995, ibara ya 129, iliruhusu mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na ulezi, "kama Bunge litakavyoweka". Maneno hayo ya mwisho yamezua miaka mingi ya kudai sheria hiyo ya Bunge. Kadhi aliyepo wilayani chini ya Baraza Kuu la Waislamu Uganda, au wa upande wa Kibuli, kundi lenye uongozi wake nje ya Baraza hilo, ana elimu na ana heshima. Anaweza kusuluhisha na kupiga hesabu. Hawezi kutoa barua za usimamizi wa mirathi, wala benki haitafungua akaunti ya marehemu kwa muhuri wake. Mgawo wake unasimama kwa ridhaa ya warithi, na mmoja akikataa, njia ya mahakama ya serikali iko wazi kwake.

Wasia ndio daraja

Hapa pana mkanganyiko ninaouonea huruma, kwa sababu unatokana na ucha Mungu. Mwislamu anaijua hadithi isemayo hakuna wasia kwa mrithi, na anajua Mtume alivyomwambia Saad bin Abi Waqqas kwamba thuluthi inatosha na thuluthi ni nyingi. Kwa hiyo anahitimisha kwamba kuwaandikia watoto wake wasia ni haramu, au hakuna faida. Anakufa bila maandishi, na papo hapo asilimia za 2022 zinaingia kazini. Yule aliyeikimbia sheria ya serikali ndiye aliyejiweka chini yake.

Kinachokatazwa ni kumwongezea mrithi juu ya fungu lake bila idhini ya wenzake. Maandishi yanayosema "baada ya maziko na madeni yangu, mali yangu igawiwe kwa faraidhi kwa warithi watakaokuwa hai siku ya kifo changu" hayamwongezei mtu chochote. Yanaielekeza mahakama kwenye mafungu yaleyale. Usiandike milioni ngapi kwa nani, wala ekari ngapi. Mama yako anaweza kutangulia, mtoto akazaliwa, na hesabu yote ikageuka. Faraidhi hupigwa siku ya kifo.

Ili wasia huo ukubalike kwa sheria ya Uganda, mwandishi awe mtu mzima mwenye akili timamu, uwe wa maandishi, autie saini mbele ya mashahidi wawili nao watie zao. Saini kila ukurasa. Shahidi asiwe mtu anayenufaika na wasia huo, wala mwenzi wake wa ndoa, maana atahatarisha alichoachiwa. Imamu na jirani wanafaa kuliko mtoto wa kwanza. Taja msimamizi, na ikiwezekana wawili. Orodhesha madeni, mahari iliyobaki ikiwemo. Mahakama bado inaweza kuangalia kama mjane na wanaokutegemea wameachwa bila matunzo ya haki, na haki ya nyumba ya makazi haifutwi na wasia, kwa hiyo andika ukijua hilo.

Thuluthi nayo ina kazi kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Familia za Uganda zimechanganyika: baba Mwislamu, mke Mkatoliki, wajukuu pande zote. Kwa fiqhi asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, hata akiwa mke wa ndoa halali. Kwa sheria ya nchi anarithi kama mjane yeyote. Mume mwenye busara hamwachi mke huyo katikati ya sheria mbili zinazovutana. Humwandikia katika thuluthi, au humpa zawadi akiwa hai na kumkabidhi kabisa, hati na funguo. Ni hivyohivyo kwa mjukuu ambaye baba yake alitangulia: akiwepo mwana wa kiume hai wa babu, mjukuu huyo hapati kitu kwa faraidhi, ilhali sheria ya nchi humpa nafasi ya baba yake. Mtoto wa nje ya ndoa kwa fiqhi humrithi mama, si baba. Sheria ya nchi haimbagui. Thuluthi iliwekwa wazi kwa watu kama hawa, na wazee wetu wengi hufa hawajaigusa.

Na mke wa pili ambaye nikaha yake ilifungwa sebuleni, mashahidi wawili, tende, halafu hakuna cheti? Sheria ya ndoa za Kiislamu, ya 1906 nayo, inataka ndoa isajiliwe ndani ya mwezi mmoja. Wakati wa mirathi huulizwa cheti, na mashahidi wa nikaha huenda wamekwisha kufa. Cheti hicho ni rahisi kukipata mume akiwa hai.

Karatasi kwa mpangilio wake

Njia ya serikali haina siri, ina foleni. Kifo husajiliwa NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, ili kupata cheti. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, huandika barua inayomtambulisha marehemu na warithi. Ukoo hukutana na kuandika kumbukumbu za nani amependekezwa kuwa msimamizi. Kama hakuna wasia, jambo hupelekwa ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu wa Serikali, Kampala au ofisi za kanda za Wizara ya Sheria kama Arua, Gulu, Mbale na Mbarara, ili itoe hati ya kutokuwa na pingamizi. Kwa hati hiyo ombi hupelekwa mahakamani, mirathi midogo kwa hakimu na mikubwa Mahakama Kuu, tangazo hutolewa kwa siku 14, na asipotokea mpinzani barua hutoka.

Wengi husherehekea hapo, na hapo kazi ndiyo imeanza. Msimamizi ana miezi sita kupeleka mahakamani orodha ya mali, na mwaka mmoja kutoa hesabu ya alichofanya. Tangu marekebisho ya 2022 barua zenyewe zina muda wa miaka miwili, zikihitaji kuongezwa, na msimamizi hauzi mali bila idhini ya mjane na watoto. Kwa ardhi yenye hati, kwanza jina la msimamizi huingizwa kama msimamizi, kisha kila mrithi huhamishiwa kipande chake. Familia nyingi hukomea hatua ya kwanza. Miaka inapita, hati ina jina la kaka, kaka anakufa, na watoto wa kaka wanaamini shamba lilikuwa la baba yao. Kila ukiona mirathi ya vizazi vitatu haijagawiwa, tafuta hatua hiyo ya pili.

Limebaki jambo la kusamehe. Mrithi anaruhusiwa na Sharia kuachia fungu lake, bure au kwa badala ya kitu kingine, na dada wengi hufanya hivyo kwa hiari. Lakini Uganda dada huombwa aachie siku gani? Siku ya duwa, mbele ya wajomba, macho bado mekundu, kabla hata madeni hayajahesabiwa. Mtu hawezi kuridhia kuachia asichokijua kiasi chake. Kama dada ataachia, aachie baada ya kutajiwa kiasi chake kwa shilingi na kwa hatua za shamba, na baada ya siku kadhaa za kufikiri. Karatasi atakayotia saini isomwe kwa lugha anayoielewa, iwe Kiaringa, Kinubi, Kisoga au Kiganda, maana zile za mahakamani zimeandikwa Kiingereza, na dole gumba lililobandikwa bila kuelewa ndilo hufungua kesi mpya miaka kumi baadaye.